Fundi wa majeneza aliyekataa kuweka jeneza dogo dukani

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamume aliyevaa koti la mvua anaingia kwenye karakana iliyo mwisho wa mtaa wa stendi ya zamani. Anasalimia kwa sauti ya chini, kisha anaombwa asimame ameegemea ukuta.

"Kaka yangu alikuwa ananipita," anasema. Anaweka vidole viwili juu ya utosi wake. "Kidogo tu. Hivi."

Fundi anachomoa penseli sikioni, anachora mstari mfupi juu ya vile vidole, kisha anashusha futi ya chuma mpaka sakafuni.

"Alikuwa na mwili?"

"Zamani. Mwaka huu alikwisha kabisa."

"Pole sana, ndugu yangu. Njoo kesho saa nne."

Ukuta huo una mamia ya mistari ya penseli. Fundi anasema watu wengi hawajui urefu wa ndugu zao kwa sentimita. Wanachojua ni nani alikuwa anampita nani, na hilo linamtosha kufanya kazi yake.

Mtaani wanamwita Fundi Pole, kwa sababu hajawahi kuanza mazungumzo kwa neno jingine. Hata anayeingia kuomba chenji hupewa pole kwanza. Ana miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza humu humu. Mkewe ana chumba cha nyuma, ambako hushona vitambaa vya ndani kwa cherehani ya miguu. Kwa mwezi wanauza majeneza saba au manane. Wakishalipa pango na mbao, kinachobaki ni cha kula.

Shida yake kubwa sasa ni bega la kulia. Kila ubao unaoingia hapa anaulainisha kwa randa ya mkono, na bega limechoka. Asubuhi mkewe ndiye anayemvalisha shati. Mwaka jana daktari alimwambia aache kabisa kusukuma randa, la sivyo mkono utagoma wenyewe.

"Nikamuuliza daktari, nikiiacha randa nitashika nini?" anasema. "Akaniandikia dawa ya kuchua. Na yeye ana kazi yake, simlaumu."

Dawa ya tatizo lake ni randa ya umeme. Bei yake ni sawa na pango la miezi kumi na minne, fedha ambayo Fundi Pole hajawahi kuishika yote kwa pamoja.

Tumaini lake ni ruzuku ya halmashauri ya mji. Stendi ya mabasi ilipohamishiwa nje ya mji, mtaa huu ulikauka, na maduka kumi na tisa yakafungwa ndani ya miaka miwili. Halmashauri ikaamua kutoa fedha zisizorudishwa kwa wafanyabiashara wadogo watakaofungua milango hapa, na kwa wale ambao hawakuwahi kuondoka. Kinyozi wa jirani amepata viti vipya. Mama wa mikate amepata jiko kubwa, na foleni yake siku hizi inafika barabarani.

Fundi Pole ameomba mara tatu. Awamu hii ndiyo ya mwisho, na asipopata, mwisho wa mwaka anafunga.

Mara ya kwanza aliangushwa na fomu. Swali la tisa lilimtaka aeleze mikakati yake ya kuongeza idadi ya wateja.

"Nililikalia siku tatu," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuzungumza anacheka. "Niandike nini? Kwamba nitawaombea watu wafe? Nikaacha wazi."

Fomu ikarudishwa kwa sababu haikukamilika. Awamu iliyofuata mkewe alimnyang'anya kalamu na kuandika mwenyewe: wateja huja wenyewe. Jibu hilo lilipita bila maswali.

Wakaja wakaguzi. Walisifu usafi, wakasifu kazi, wakahesabu majeneza kumi na moja yaliyokuwa tayari. Kisha wakasoma sharti linalomtaka mwombaji aonyeshe bidhaa zilizokamilika za kila ukubwa anaouza. Wakauliza ya watoto yako wapi.

Hayakuwepo. Fundi Pole hutengeneza jeneza la mtoto pale tu anapoletewa msiba. Halijawahi kukaa dukani likisubiri mtu. Alama zikapungua, na jina lake likakosekana kwenye orodha.

Mkewe hafichi kwamba jambo hilo liliwagombanisha. Ni mwanamke asiyepindisha maneno, na hata mbele ya mgeni alisema lililokuwa moyoni.

"Nilimwambia, baba, tengeneza moja tu. Tulifunike mpaka wakaguzi waje walione, wakishaondoka ulivunje. Mimi ndiye ninayemsikia anavyogugumia akigeuka kitandani. Yeye anafikiri nimelala."

Mwezi uliopita Fundi Pole alimsikiliza. Alichagua mbao nne nzuri, akaziweka mezani, akashika penseli na futi. Hapo ndipo alipokwama.

"Sikuwa na kipimo," anasema. "Mzazi akija hapa hasimami ukutani. Ananyoosha mkono, anakuonyesha hewani, alikuwa anaishia hapa. Siku ile hapakuwa na mkono wa mtu. Nikatafuta wa kumpima. Mjukuu wangu alikuwa pale chini anachezea maranda, ana miaka minne. Macho yakamwangukia."

Mkewe, aliyekuwa akishona, amesimamisha mguu kwenye cherehani.

"Nikarudisha mbao stoo," anamalizia.

Alhamisi iliyopita wakaguzi walifika kwa mara ya mwisho, na mwandishi wa makala hii alikuwepo. Aliyewaongoza alikuwa afisa biashara, mwanamke kijana mwenye miwani na jalada lililovimba kwa karatasi. Alizunguka taratibu, akaandika, akafika kwenye rafu.

"Mzee, haya ya watoto bado?"

"Bado, binti yangu. Na hayatakuwepo."

"Lakini tulikueleza mwaka jana. Kipengele hiki kina alama kumi na tano."

Fundi Pole alimvutia kiti. Alipokwisha kukaa, akamwambia jambo ambalo mkewe naye, kama alivyosema baadaye, alikuwa hajawahi kulisikia.

Katika mwaka wake wa kwanza wa kazi alikuwa chini ya mjomba wake, na mjomba alikuwa na rafu ya majeneza madogo matatu, yote meupe, yamepangwa vizuri. Siku moja akaingia mama mmoja akiwa ameshikwa mkono na dada yake. Hakuonyesha urefu wala hakuuliza bei. Alitazama juu kwenye rafu, akalitazama lile la katikati.

"Lilikuwa kipimo chake hasa," Fundi Pole alimwambia afisa. "Mama wa watu akamwacha mjomba, akanigeukia mimi. Akaniuliza: kumbe mlikuwa mmeshamwandalia?"

Afisa alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena.

"Mjomba alipofariki," Fundi Pole aliendelea, "rafu ile niliing'oa kabla ya kitu kingine chochote."

Afisa alifungua jalada, akakitafuta kile kipengele. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema na baba yake.

"Mzee wangu, sharti sikulitunga mimi, na siwezi kuandika kwamba nimeona nisichokiona. Hapa itabidi niweke sifuri."

"Weka, binti yangu. Ni haki yako."

Akaiweka. Alama nyingine zitajumlishwa na kamati, na majibu yatabandikwa ofisini mwisho wa mwezi. Alipokuwa akitoka alimpa mke wa fundi mkono, akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia.

Tangu siku hiyo mkewe hajataja tena jeneza la kuonyesha wakaguzi. Badala yake amesafisha kona iliyo karibu na dirisha, ambako soketi ya umeme ipo, akaacha nafasi ya kutosha mashine. Fundi Pole anasema ikija atafanya kazi miaka mingine kumi, na atamfundisha mtu. Isipokuja, atauza mbao zilizobaki, atarudisha funguo kwa mwenye nyumba, na randa ya mkono atakwenda nayo nyumbani.

Ya nini tena, ilhali bega halitaki?

"Kuna mzazi atakuja kunitafuta, hata nikifunga," anasema. "La mtoto halihitaji mashine. Mbao zake ni chache. Hizo bega litaziweza."