Skrini Nyeusi Mbele ya Mihirabu

Kompyuta ya msikiti wa mtaa wetu hapa Amu haikuwa na ugonjwa wowote. Nalisema hili mapema kwa sababu kamati nzima, watu wazima wenye kanzu zilizopigwa pasi, walikuwa wameshaitangaza maiti.

Ni mashine ya Linux, imewekwa mezani upande wa mihirabu kwa kuwa waya wa maikrofoni haufiki kwingine. Marehemu mume wa shangazi yangu, aliyekuwa akisomesha darsa pale, alirekodiwa humo, na baada ya kufa kwake mashine iliendelea kumrusha kwenye kipaza sauti kila baada ya Alasiri. Wanawake majumbani walimsikiliza huku wakipika. Shangazi alimsikiliza bila kufanya jambo jingine lolote. Marehemu hakupenda kupigwa picha wala kurekodiwa kwa simu, kwa hiyo sauti yake ilikuwa mle, na si pengine popote.

Kisha stima ikakatika, ikarudi, na darsa halikurudi. Walipoiwasha mashine, maandishi yalipita mbio kama kawaida ya Linux inapoamka, halafu skrini ikabaki nyeusi. Lile neno «login», linalokukaribisha uandike jina na nywila ndipo uweze kuiwasha programu ya darsa, halikutokea. Mwenyekiti wa kamati, mnunuzi wa kamba wa baharini kule Kizingitini ambaye hajapata kukosa maoni, aliamua kwamba diski imekufa. Akamwita tena fundi wake kutoka Mombasa. Fundi akaikodolea macho ile skrini, akatikisa kichwa, akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Kamati ikakubali. Watu wanaobishana kila mwaka kama mwezi umeandama au haukuandama, hili walikubaliana hata kabla kahawa haijapoa.

Shangazi ndiye aliyenipigia simu, maana kompyuta ndizo zinazonilisha mimi.

"Mwanangu, wanataka kumfuta," alisema. "Hakuna ndia nyingine?"

Nilifika fundi akiwa tayari anachomeka flash yake. Nikamwomba anipishe. Nikabonyeza Caps Lock, na kitaa chake kwenye kibodi kikawaka. Maiti hawafanyi hivyo. Mashine ilikuwa hai, imenyamaza tu. Sasa, Linux haina skrini moja. Ina kadhaa, zimejipanga nyuma ya ile unayoiona, na unahama kutoka moja hadi nyingine kwa vidole vitatu. Nikashika Control na Alt, nikabonyeza F2. Login ikatokea papo hapo. Fundi akasema alikuwa karibu kujaribu hivyo hivyo. Nilimtazama, nikaona aibu kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe hakuwa nayo.

Nywila ilikuwa «bismillahi», kwa herufi ndogo, na mtaa mzima unaijua mpaka muuza mahamri. Nikaingia, nikaiuliza mashine habari za skrini yake ya kwanza. Ikajibu waziwazi kwamba ile huduma inayoleta login pale imezuiwa kwa amri. Haikuharibika. Kuna mtu aliyekaa kitako akaizuia. Nikauliza ni nani.

"Ni mimi niliyeagiza," alisema mwenyekiti, kifua mbele. "Watu wasali, na neno la Kizungu lapepesa mbele ya mato yao, tena kwenye kibla! Nikamwambia fundi aliondoe."

"Fundi yupi?"

"Si ndiye huyu hapa!"

Fundi alikuwa ameziba mlango kwa mikono yake, kisha akapanda basi na boti kuja kutuambia nyumba haina mlango. Na kwa kosa hilo alikuwa tayari kuibomoa nyumba na aliyemo ndani.

"Skrini ina kitufe cha kuizimia, Bwana Mwenyekiti," nikasema.

"Nilichelea kuizima mashine nzima."

Niliondoa kizuizi, nikarudi kwenye skrini ya kwanza, na login ikawa pale inapepesa. Kabla ya kuiwasha programu ya darsa nilinakili rekodi zote, kwa sababu simwamini hata mmoja wao. Nikampelekea shangazi, nikamfungulia ile ya mwisho kabisa.

Maikrofoni ilikuwa imewashwa kabla ya darsa. Tukasikia mikeka, vikohozi, kisha sauti ya mwenyekiti akilalamikia neno la Kizungu. Halafu marehemu, taratibu kama alivyokuwa:

"Iwateni kama ilivyo, Bwana. Nyumbani kwangu kuna mtu yuwashona kitambaa cha kuifunikia. Ngojeni amalize. Mkono wake ni mzuri."

Shangazi akaniashiria nisimamishe.

Kwetu mwanamume mwenye haya hamtaji mkewe mbele ya wanaume, na marehemu alikuwa na haya kuliko wengi. Kitambaa chenyewe nilikijua. Marehemu alimwomba shangazi amshonee, akafa kabla hakijaisha, na shangazi akakimalizia ndani ya eda yake. Alipokipeleka msikitini mwenyekiti alikirudisha. Skrini haina maandishi tena, alisema, haina haja. Hata kungoja mjane ashone, bwana yule aliona ni kazi kubwa.

"Alinitaja," alisema shangazi. "Mbele ya wanaume wote wale." Alikuwa analia, na mimi nilikuwa na hasira hata nikashindwa kumpa pole. "Hebu rudisha nyuma."

Nikarudisha, na nikarudisha tena. Darsa lenyewe hatukulifikia siku ile. Adhana ilipoanza alifungua kasha lake, akatoa kitambaa, akaniambia nikaifunike mashine kabla watu hawajapanga safu, na mwenyekiti akiuliza, nimwambie yule mtu wa nyumbani ameshamaliza kushona.