Kitambaa cha Makcik

Kwetu Tanga mwanamke akijifungua hulelewa kama mtoto. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, hufungwa mkaja tumboni mpaka atoke arobaini, na anayefanya yote hayo ni mama yake. Mama yangu aliomba viza aje Texas kunilea, wakamnyima. Kijana wa dirishani ubalozini alimwambia hana sababu za kutosha za kumrudisha kwao. Mtu ana nyumba, ana mbuzi, ana wajukuu wanaomlilia, eti hana sababu.

Kwa hiyo nilitoka hospitali nikarudi kwenye nyumba yetu ya Grand Prairie na kichanga, pamoja na mume anayeondoka alfajiri kwenda ghalani. Wifi yangu, dada wa mume, ni nesi Fort Worth. Aliniletea mto wa umeme wa kupasha joto, akanihimiza ninywe maji mengi, akawahi zamu.

Aliyenilea ni mgeni. Alikuwa mama wa Kimalay, mtu mzima, aliyeishi na mwanawe mtaa wa pili, tuliyejuana naye msikitini. Alitaka nimwite Makcik, ndivyo kwao wanavyomwita mwanamke wa rika la mama yako, kama sisi tunavyosema mama mdogo. Alikuja bila kuitwa, na mfukoni mwake mlikuwa na jiwe la mtoni alilolitoa Malaysia ndani ya sanduku la nguo. Nilicheka mpaka nyuzi zikaniuma.

Jiwe lile alilipasha kwenye jiko letu la umeme, akalifunga kwa majani ya mbarika aliyoyapanda nyuma ya nyumba ya mwanawe, akalizungushia khanga yangu, kisha akaliviringisha tumboni mwangu polepole. Aliniogesha maji ya mchaichai. Alininywesha dawa wanayoiita jamu, ya manjano na tangawizi na mizizi mingine, chungu hata machozi yakanitoka. Mwisho alinifunga kitambaa chake kirefu cha batiki, kuanzia nyongani kupanda juu, fundo baada ya fundo, mpaka chini ya matiti.

Simu niliiegemeza kwenye kopo la sukari ili mama aone. Hawakuwa na lugha moja, mama na Makcik, na hawakuihitaji. Mama akisema mwambie akaze hapo chini, Makcik alikuwa ameshakaza. Siku aliyonipaka dawa ya kusaga kwenye paji la uso, mama alisogeza pua kwenye kioo cha simu kana kwamba atanusa, akasema, "Hiyo ina karafuu, naijua." Nilimtafsiria Makcik kwa Kiingereza, naye akainua mkebe wa karafuu kumwonyesha. Walicheka wote wawili, nami nililia.

Sijui kama jiwe linaponya kitu, na sitabishana na daktari yeyote. Ninachojua ni kwamba mikono ya mtu ilinishika, na nilipata usingizi.

Jioni moja wifi alipita kutoka kazini akaikuta ile shughuli. Hakumsalimu Makcik. Alisimama katikati ya jiko na sare zake, akaniambia kwa Kiswahili ili Makcik asielewe, "Una-allow vipi mtu asiye na license akuchome na jiwe? Uki-bleed, nani atakuwa responsible? Mimi naweza ku-report hii." Makcik alidaka neno mojamoja tu la Kiingereza, ila uso aliuelewa. Nilimjibu wifi kwamba jiwe halichomi, aje aliguse. Hakuligusa, alikwenda kumsubiri kaka yake sebuleni. Baadaye nilimwambia mume wangu wazi kwamba Makcik haachi kuja mpaka arobaini. Alinijibu, "Sawa, nitaongea na dada."

Kesho yake Makcik hakuja, wala keshokutwa. Mume wangu alisema mwana wa Makcik amepata kazi Houston, wanahama, wana pilikapilika. Nilipiga simu haikupokewa. Niliandika ujumbe, haukujibiwa. Kweli walihama. Kitambaa kilibaki kwangu.

Nilijaribu kujifunga mwenyewe mbele ya simu. Haiwezekani, mikono haifiki nyuma na mafundo yanakwenda upande. Mama aliniangalia nikihangaika, kisha akaigeuza simu, nikabaki naona dari ya nyumba yetu ya Tanga. Nilimsikia akisema, "Kumbe naye ni wale wale." Nilikubaliana naye. Nilimchukia Makcik kwa muda mrefu, na huwa sichukii nusunusu.

Mama ameshafariki. Binti yangu sasa anasoma shule, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Na mwaka huu wifi kapata mtoto. Alinitumia picha kutoka Plano: mishumaa, muziki wa taratibu, dada mmoja wa Kizungu anamfunga tumbo kwa kitambaa kirefu, kuanzia nyongani kupanda juu, na pembeni kuna jiwe kwenye sahani. Aliandika kwamba ni tiba ya asili ya Asia, iko so healing. Kisha akapiga simu. Akauliza, si bado ninacho kile kitambaa changu? Cha batiki kinakaza vizuri zaidi.

Nilimwambia, "Kina mwenyewe," nikakata.

Jumamosi nilimuaga mume wangu, nikaendesha mpaka Houston. Anwani nilipewa na mama mmoja wa msikitini. Makcik alifungua mlango akiwa amedhoofika, akanitazama kidogo kabla ya kunikaribisha. Nilimpa kitambaa. Alikipeleka puani, akasema alifungwa nacho kwa watoto wake wote, na kwamba alidhani nimekitupa.

Nilimuuliza kwa nini alituacha. Nilimuuliza kwa ukali, sikwenda kule kubembeleza mtu.

"Mumeo alikuja mlangoni," alisema. "Alisema mkewe anaogopa mikono yangu, nisirudi."

Nilimwapia kwamba sikusema. Alinipapasa mkono, akasema anaamini, akaenda kuchemsha chai. Aliporudi aliuliza habari za mama.

Nilifika nyumbani mume wangu anakula. Aliuliza kama yule mama hajambo. Nikamwambia hajambo, anakusalimu, na ameuliza kama mkeo bado anaogopa mikono yake.

Aliweka kijiko chini. Alisema yale yalikuwa mambo ya wanawake, mwanamume angemwambia nini mtu mzima kama yule, alitaka tu yaishe kwa amani.

"Mama yangu alikufa akimlaumu Makcik," nilimwambia. "Nenda kaburini kwake kamwambie yaliisha kwa amani."