Mguu wa Banza na kiatu yangu ya kushoto

Minyi njo nilishitaki dokta na lopitali hapa Kamina, na nikashinda.

Bon, uwongo. Alishitaki Banza. Minyi nilikuwa shahidi tu, na juji alinikatiza juu nilichekesha bantu.

Na leo banasema Banza amekufa. Kichwa yangu inakataa.

Ba-jeunes, vijana bote munaolia hapa, ile vita ya mwisho wa miaka ya tisini hamukuiona. Lopitali ilijaa bantu ba risasi. Vitanda yetu ilikuwa mu koridoo, yangu karibu na ya Banza. Banza alikuja juu ya ngiri, bamupasue tumbo tu. Minyi, mguu wa kuume ulikuwa umeoza, wa kukatwa.

Bakabeba Banza mahali pangu. Hakuna muntu aliuliza jina. Bakamukata mguu wa kuume, muzima kabisa. Kesho yake njo bakakata wangu.

Hata kugawana viatu hatukuweza: sisi bote tulibakia na mguu wa kushoto. Bibi ya Banza alipanda vitunguu ndani ya viatu ya kuume.

Bakubwa ba lopitali bakamuletea Banza mguu wa mbao, na mbuzi juu yake, anyamaze. Mbuzi alirudisha. Mguu alishika, akasema: hata bo banashika wangu.

Tribinali ilifungwa juu ya vita, ikafunguka, juji akakimbia, mwengine akakuja. Kila mara Banza alianza upya na magongo yake.

Dokta akajitetea: ilikuwa vita, bagonjwa mingi, taa kidogo. Banza akamujibu polepole:

“Dokta, vita haikushika kisu. Weye njo ulishika. Na kuniuliza jina haiombi taa.”

Juji akakata kesi: dokta alikosa, na lopitali inajibu pamoja naye, juu alikuwa mu kazi yake.

Tangu ile siku, pale lopitali banakuuliza jina na mahali pa kupasua, mbele ya kukulalisha na dawa. Mwaka jana nilienda na ngiri yangu minyi. Infirmière, mama wa kuuguza, akauliza jina, nikajibu: Banza. Akaangalia karatasi, akasimamisha kazi yote, akanigombeza sawa mutoto wa masomo. Nilifurahi mpaka machozi.

Nilipokuelezea mu simu, Banza, ulicheka mpaka ukakohoa.

Sasa sikia. Mama Kabedi, jirani yetu wa kuuza samaki, mutoto wake alikufa juu lopitali balimutia damu isiyo ya kwake. Weye njo ulikuwa unamusindikiza ku tribinali. Juma inayokuja nitaenda naye minyi. Juji akinikatiza, nitaanza upya, sawa weye. Na sitachekesha muntu.

Wafwako, asante, mulunda wangu, rafiki yangu. Lala salama, na miguu yote mbili.

Ngoie, binti ya Banza, mutoto wangu: ile kiatu nyeusi ya kushoto, nilimuazima baba yako siku ya hukumu. Alisema atarudisha kesho. Tafazali, umuvue mbele bafunge sanduku. Siwezi kusimama mbele ya juji na sandali.