Picha ya Sita

Watakaosema ilikuwa homa ya korona, waache waseme. Homa yangu iliisha siku ya tatu. Haya niliyaona siku ya tisa, saa sita na nusu mchana, jua limejaa uani, nguo za watoto ziko kwenye kamba. Sikuwa nimekunywa kitu, sikuwa nimelala. Na kama ningetaka kutunga, si ningetunga kisa ambacho mimi ndani yake ni mtu mzuri? Hiki siyo.

Shule niliishia darasa la nne, vita vikatukuta. Mnisamehe maandishi. Ninaandika kama ninavyosema.

Kambini Tanzania watu waliniita Papa Kamera. Nilikuwa na kamera ndogo ya kaseti, nilikimbia nayo kutoka Uvira nimeifunga tumboni chini ya shati. Harusi, ubatizo, matanga, vyote nilirekodi mimi. Betri nilichaji kwenye sola ya zahanati. Shida ilikuwa kaseti. Kupata kaseti mpya ilibidi mtu atoke Kigoma nayo, na mtu huyo unaweza kumngoja miezi miwili.

Kulikuwa na mjane mmoja, Mama Riziki. Binti yake Riziki alipoolewa nilirekodi harusi yote, kuanzia asubuhi wanamsuka mpaka anaingia kwa mume. Kaseti ilibaki kwangu, nilikuwa namtafuta mtu wa kuihamishia kwenye kaseti kubwa za kutazama kwenye televisheni. Wiki mbili hazijapita, Shemasi Asukulu naye akaoa. Sikuwa na kaseti tupu hata moja.

Nitawataja, maana nimenyamaza vya kutosha. Wa kwanza ni Bulimwengu, aliyekuwa mshika taa wangu. Yeye ndiye aliyesema: "Rekodi juu ya ile ya mjane. Nani atakuja kukushitaki, yule?" Akacheka. Wa pili ni Asukulu mwenyewe. Nilimwambia wazi kwamba kaseti iliyopo ina harusi ya mtu. Akarekebisha tai yake akasema, "Mimi nimekuita kwa harusi yangu. Hayo mengine ni yako." Wa tatu ni mimi. Kile kitufe chekundu kilibonyezwa na kidole changu, hakuna aliyenishika mkono.

Mama Riziki alipokuja nikamwambia kaseti ililowa mvua, nimeianika, ikikauka nitaleta. Akaniamini, au nilifikiri ameniamini. Kabla mwaka haujaisha Riziki akafa akijifungua, yeye na mtoto. Hakukuwa na picha yake hata moja, kwa sababu siku hizo nani alikuwa na simu ya picha? Baada ya mazishi mama yake akaja tena. "Papa Kamera, hata kama imeharibika nusu, nipe hiyo nusu." Nikamwambia bado inakauka. Ilikuwa kiangazi, vumbi mpaka kwenye sahani. Nikamwambia bado inakauka.

Mungu alivyo, sote tulipelekwa Sydney, Australia. Sisi kitongoji cha Doonside, Asukulu Granville, na Mama Riziki akaja baadaye akapewa nyumba mitaa mitatu kutoka kwetu. Kanisani ananipa mkono. Hajawahi kuniuliza tena habari ya kaseti. Ananisalimia tu, "Hujambo, Papa Kamera," na ile salamu ilikuwa inanila kila Jumapili.

Sasa ukaja ule mwaka wa lockdown yetu sisi wa magharibi ya jiji, helikopta ya polisi juu ya mabati, barakoa mpaka ukienda kutupa taka. Ghala ninalofanya kazi kule Seven Hills halikufungwa. Supervisor wetu, Darren, alikuja siku mbili mfululizo akikohoa, anasema ni mafua tu, rafiki. Tukaanguka watu kumi na moja. Nikafungiwa katika gereji yangu siku kumi na nne. Mke wangu anaweka sahani mlangoni, anagonga, anakimbia.

Kabla sijaugua, Asukulu alikuwa ameniletea ile kaseti. Ndiyo, ileile. Yeye na mke wake walitaka sikukuu ya ndoa yao ionyeshwe kwa waumini kwenye simu za video, kwa vile kanisa limefungwa. Akaniambia, "Wewe ndiye uliyetengeneza, wewe ndiye utakayeisafisha." Nikaichukua. Kule gereji nilikuwa na kamera yangu ya zamani, kompyuta ya mwanangu, na kile kidude cha waya cha kuviunganisha.

Nikahamisha harusi yote. Lakini ikawa inakwama. Bibi harusi anatembea, anashituka, anatembea, anashituka, kama gari lenye maji ndani ya mafuta. Nikampigia Kamau, Mkenya mmoja anayetengeneza kompyuta za ofisi Parramatta.

"Mzee, hiyo ni kitu kidogo sana," akasema. "Video ni picha tu zinakimbia. Kamera yako inatoa ishirini na tano kwa sekunde, na hiyo programu umeiambia thelathini. Hizo tano itatoa wapi?"

"Sijui, ndugu."

"Inarudia, bana! Kila baada ya picha tano inafanya fotokopi ya ile ya mwisho. Bonyeza mshale pole pole, moja moja. Utaona tano tofauti, ya sita ni marudio. Ukishahakikisha, futa yote, weka ishirini na tano, uanze upya. Na uache kunipigia saa ya lunch."

Nikabonyeza mshale. Moja, mbili, tatu, nne, tano: mke wa Asukulu anaingia chini ya turubai, gauni lake lile la kukodi. Ya sita.

Ya sita haikuwa marudio. Turubai lilikuwa lilelile, viti vilevile vya kanisa. Aliyesimama pale alikuwa Riziki.

Nilirudi nyuma, nikaenda mbele, mara ishirini labda. Kila ya sita ni yeye. Sasa sikilizeni, kazi hii naijua. Ukirekodi juu ya kaseti, cha chini kimekufa, hakuna mlango wa kukirudisha. Na hata kama kingebaki kidogo, kitajuaje kuja kwenye picha ya sita tu?

Nikazikusanya zile za sita peke yake, nikazipanga mfululizo. Kwetu bibi harusi hacheki. Anainamisha uso siku nzima, maana akicheka watasema anafurahi kuwaacha wazazi. Riziki siku ile aliinama vizuri kabisa, naikumbuka, watu walimsifu. Lakini katika picha zile alikuwa anainua uso. Polepole, picha kwa picha, shingo inanyooka. Mwisho akawa ananitazama. Si kamera. Mimi.

Hapo nikasikia geti la pembeni.

Nikafikiri ni watu wa afya wanakuja kuhakikisha kama nimekaa ndani. Nikaangalia kwenye mlango wa wavu. Mwanamke anakuja kwenye njia ya simenti, kitenge, barakoa ya bluu kama zetu sote. Anatembea hatua tano, na ya tano anaikanyaga tena palepale. Mguu umeshatua, unatua tena. Halafu tano nyingine, na ya mwisho anairudia. Niamini, nywele za mikono zilisimama kabla kichwa hakijaelewa. Nguo zilizoanikwa zilikuwa zinapepea, upepo upo. Kitenge chake kilikuwa kinapepea, kinasita, kinapepea.

Akasimama nje ya wavu. Umbali wa mkono.

"Papa Kamera. Shikamoo."

Sauti ya msichana wa miaka kumi na tisa. Nikaitika marahaba. Ungeitika nini wewe?

"Mama amenituma. Anauliza, kaseti yetu imekauka?"

Hapa ndipo aibu yangu ilipo, si kwingine. Yule niliyemwibia alikuwa mbele yangu ananiuliza kwa adabu. Nyuma yangu, kwenye kompyuta, uso wake upo, umeinuka, mzima, kitu ambacho mama yake amekililia zaidi ya miaka kumi na mitano. Ningesema tu: ndiyo, imekauka, njoo uichukue. Neno moja. Nikafikiria kanisa zima litajua. Nikafikiria Asukulu. Nikafikiria watoto wangu, wanaojibu kwa Kiingereza tu lakini aibu ya baba wangeielewa kwa lugha yoyote.

Nikasema, "Bado, mwanangu. Mwambie bado kidogo."

Hakukasirika. Aliinamisha uso, taratibu, kama siku ile ya harusi. "Haya," akasema. "Nitamwambia." Akageuka akaenda. Hatua tano, na moja ya kurudia. Geti sikulisikia likifungwa.

Mke wangu akaita kutoka jikoni, "Papa Esther! Unaongea na nani huko, unataka faini?"

Nikamjibu, simu.

Kisha nikafanya alivyosema Kamau. Nilifuta yote. Nikaweka ishirini na tano, nikarudisha kaseti mwanzo, nikahamisha upya. Harusi ya Asukulu ikatoka laini kama maziwa, hakuna kukwama, hakuna ya sita. Kamera ilipomaliza ikaitafuna kaseti, utepe ukatoka umejikunja kama utumbo wa kuku. Nikampigia Asukulu, akasema, "Ah, si imeshaingia kwenye kompyuta? Tupa." Nikaivingirisha kwenye mfuko, mke wangu akaitia kwenye pipa la kifuniko chekundu. Jumanne lori likapita. Nilisimama dirishani nikilitazama, na ningeweza kupiga kelele, sikupiga. Nilimfuta kwanza nikiwa kijana na njaa. Mara ya pili nilikuwa nimeshiba.

Walipofungua makanisa sikuweza kumpa Mama Riziki mkono. Wiki ya tatu nikaenda kwake. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Sikukaa, nilisimama nikasema yote: Bulimwengu, Asukulu, kitufe chekundu, mvua ambayo haikunyesha, gereji, mlangoni, pipa. Aliendelea kuchambua majani mpaka nikamaliza.

"Nilijua tangu kambini," akasema. "Mimi si mjinga, Papa Kamera. Kitu gani kinaanikwa kiangazi kizima? Nilikuwa nangoja useme."

"Nisamehe, mama."

"Hilo tutaliongea. Kwanza kaa." Akanisogezea kiti. Majani yakaanguka chini, hakuyaokota. "Mimi uso wake umenitoka. Nakumbuka sauti, nakumbuka anavyokula. Uso umekwenda. Wewe umeuona juzi. Niambie. Macho yalikuwaje? Ile alama yake ya kidevuni ilionekana?"

Nikafungua mdomo. Turubai nililiona. Kitenge nilikiona, maua ya njano. Barakoa ya bluu. Uso haukuwepo. Niliutafuta pale kwenye kiti, mtu mzima, jasho linanitoka, na yule mama ameinama mbele ananitazama midomo. Hakuna kitu. Hata hiyo alama ya kidevuni nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza.

Ningeweza kumtungia. Wallahi hilo tu sikulifanya.

"Sina, mama," nikasema. "Na mimi umenitoka."

 Akainuka, akanifungulia mlango. Hakunifukuza, ila tangu siku hiyo hajaniita Papa Kamera, hajaniita jina lolote. Kanisani anakaa nyuma yangu, najua ananiangalia kisogo, kwa sababu ndani ya kichwa hiki ndipo mahali pa mwisho mwanawe alipoonekana. Kamera niliivunja kwa nyundo. Harusi ya binti yangu Esther, mwaka jana, walirekodi wengine.

Wewe unayesoma, kama una kaseti ya mtu chini ya kitanda, au una neno lake ambalo umemwambia linakauka, nenda leo. Usingoje yeye aulize, usingoje atumwe mtu. Atakayetumwa atakusalimu kwa adabu, na hapo ndipo utakapojua wewe ni mtu wa namna gani.