Nailoni ya Skrini

Kwa miaka sita nilimtukana mpiga video wa sendofu yangu, ile sherehe ya kuniaga kabla ya ndoa. Nilisema mbele za watu, hapa Mlandege, kwamba ametuharibia kumbukumbu, maana kila nikiiweka ile video kwenye kompyuta ilikuwa inakwamakwama, na nyuso zote zimejaa ukungu.

Juzi nikamwita fundi. Akaitoa video kwenye flashi, akaihamishia kwenye kompyuta yenyewe, na picha zikaanza kwenda bila kukwama. Lakini ukungu ulikuwa palepale, nami nikaanza upya kumsema mpiga video. Fundi akapitisha ukucha kwenye kona ya skrini.

"Dada, hii nailoni ya dukani hukuitoa?"

Nikaigusa na mimi. Skrini ile nilipewa na mama, na ndiye aliyeniambia, "Usiibandue, kitu kitachakaa." Hata makochi yake alikuwa hayavui nailoni. Alipofariki nikaiacha, nikaizoea, nikaisahau kabisa.

Fundi akaivuta, ikatoka na vumbi lake. Picha ikawa safi hadi ningeweza kuhesabu shanga shingoni mwangu. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, maana bibi harusi hatazami watu, kwa hiyo siku ile mama sikumwona. Video ndiyo iliyonionyesha amekaa mkavu wakati wenzake wanajifuta macho kwa leso, na kwa hilo nilimnunia mpaka anaingia kaburini.

Kamera ikamgeukia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.