Upepo Uliofungiwa kwenye Amotisa

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Waswahili wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami nimeshazika mashujaa wa kutosha. Naogopa mlango unaojifunga wenyewe. Naogopa maputo kwenye sherehe za watoto. Na miaka ile ya tisini, nilipokuwa nikifanya kazi katika nyumba ya mzee mmoja Mbelgiji huko Auderghem, pembeni mwa jiji la Brussels, niliogopa zaidi ya vyote bomba la chuma lenye urefu wa mkono, lililokuwa likilala juu ya meza ya gereji kama halina habari na mtu.

Mzee huyo nilimwita Papa. Alikuwa amefiwa na mkewe. Ujana wake aliumaliza Bukavu akijenga barabara, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko kwetu, cha zamani, chenye amri nyingi na tafadhali chache. Binti yake, aliyekuwa akiishi nchi nyingine, ndiye aliyeniajiri nimpikie baba yake na kumtupia jicho. Aliniambia baba ana afya ya ng'ombe. Habari za gereji hakunigusia.

Gerejini kulikuwa na pikipiki ya theluji. Kwetu Kivu sijawahi kuona dude kama lile: mbele lina miguu miwili ya kuteleza, nyuma lina mkanda mpana wa mpira wenye meno mahali pa magurudumu. Majirani walimcheka, maana theluji ikianguka Brussels asubuhi, mchana imeshakuwa tope. Lakini Papa alikuwa na kijumba cha mbao mbali huko milimani, mahali ambapo barabara hufunikwa kabisa. Kila baridi ilipokolea aliipandisha mashine kwenye trela, akaondoka peke yake, akapanda nayo mlima na mikate yake na chupa zake. Aliporudi alikuwa mwekundu kama nyanya, na kwa wiki nzima hakulalamikia chakula changu.

Mashine ilitoka kiwandani na amotisa zake, hizi ambazo wengine wanaziita shokamzoba, zinazomeza mishtuko ya njia. Papa alizidharau. Alisema zikigongwa na matuta ya mlimani siku moja tu zinachoka, na hazifunguliki, zikifa, zimekufa. Akaagiza nyingine toka Kanada, mbili za mbele na mbili za nyuma, za kufunguliwa na kutunzwa kila mwaka. Unamwaga oili chafu, unabadilisha vipete vya mpira, unatia oili safi, unafunga. Mambo yangeishia hapo, ningezipenda hata mimi. Lakini ndani ya kila bomba, nyuma ya ile oili, kuna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu zisizo na mfano. Papa aliiita upepo tu. Ni lazima uutoe upepo kwanza, kwa kubonyeza vali ndogo kama ya baiskeli kwa kijiti cha chuma, na ukimaliza kazi unaurudisha. Ukisahau, ukalegeza kifuniko, vyuma vya ndani vinatoka kama risasi, na vinakutafuta usoni kwa sababu uso ndio ulioinama hapo.

Hakuwa ananitisha bure. Alinionyesha dari. Katika ubao mmoja kulikuwa na tundu ambalo yai lingeingia bila kukwama.

"Ile mwaka nilisahau," akasema, anacheka. "Kama niliinama kidogo, maman, leo ungepikia muntu mwingine."

Yeye alicheka, mimi nikakosa usingizi.

Kazi yangu gerejini ilikuwa kushika taa. Macho yake hayakuona tena vizuri kwenye giza la chini ya meza, na alidai taa ya kuning'inia haijui pa kutazama. Basi nilisimama mbali kadiri mkono wangu ulivyoweza kunyooka, nikimulika na kumtaja Yesu kimoyomoyo. Vali ilipolia fsss, nililia nayo.

Kuhusu Yesu niseme kidogo. Sisi wa kikundi chetu cha maombi, tuliokuwa tukikutana Laeken kila Jumapili, hatujui sala fupi. Tukianza tunapita kwa wagonjwa, wasafiri, wafungwa, na wote walioachwa porini huko nyumbani, ndipo tunafika kwenye wali. Papa alikuwa Mkatoliki: ishara ya msalaba, basi, kijiko mdomoni. Lakini mapadri waliomlea walimtia adabu moja isiyotoka. Mtu akiomba mbele yake, aliweka chini chochote alichoshika, akavua kofia, akafumba macho mpaka amina. Hata siku moja hakunikatiza. Malalamiko yalikuja baadaye: "Maman, supu imepola."

Mwaka wa kisa hiki alianza kupotewa na mambo. Alitia chumvi kwenye kahawa. Aliinjika birika tupu mpaka likanuka. Nilimwambia, kwa heshima zote nilizofundishwa: "Papa, maji haikuwamo." Aligonga meza. "Mimi si mutoto!" Akanuna mpaka jioni. Nyumbani kwetu mtoto hamwambii mzazi kwamba amesahau. Anazunguka, anakohoa, anasubiri mzee akumbuke mwenyewe. Na tuseme kweli, nilihitaji ile kazi. Tangu siku hiyo nikawa nameza maneno yangu.

Ilibaki siku moja tu aondoke kwenda mlimani. Amotisa za mbele alikuwa ameshazitunza na kuzifunga kwenye mashine akiwa peke yake, wiki niliyokwenda kulala matanga kwa dada mmoja wa kanisani. Zilibaki za nyuma, mbili zinazofanana kama mapacha. Aliibana ya kwanza kwenye jiliwa, lile taya la chuma la mezani, akabonyeza kijiti, ikalia, nikaruka. Akaitoa kwenye jiliwa, akailaza pembeni. Hapo simu ikaita ndani. Alikuwa binti yake, na walizungumza sana.

Aliporudi alikuwa anasugua mikono kwa furaha. Akanyoosha mkono juu ya meza, akaokota ile nyingine. Akaibana. Akachukua spana.

Nilitazama ile iliyolala pembeni, nikatazama iliyobanwa, nikajaribu kujiambia labda nimechanganya mimi.

"Papa," nikasema, "upepo?"

"Nimeisha toa. Bon, leta taa karibu."

"Ya hii, Papa?"

"Nimeisha toa, nakuambia! Donc, taa!"

Akainama. Uso wake ulikuwa juu kabisa ya kifuniko, nao ulikuwa na madoa ya uzee niliyoyazoea. Spana ikashika. Nilitaka kupiga kelele, ulimi ukawa mzito kama umekufa ganzi. Miguu ilitaka kukimbia na sikuionea haya. Kilichoizuia ni kwamba taa ilikuwa mkononi mwangu, na ningemwacha gizani na kifo chake.

"Tuombe," nikasema.

"Sasa?"

"Sasa, Papa. Safari iko karibu."

Akapumua kwa hasira. Lakini akaweka spana mezani. Akavua kofia, akairudisha miguu yake nyuma hatua kidogo, akafumba macho.

Nikaanza. Nilimwombea barabara, matairi, trela. Nilimwombea binti yake na wakwe wote. Nilimwombea kila mtu wa Bukavu niliyeweza kumkumbuka, na walio hai nilipowamaliza nikaingia kwa wajukuu ambao hawajazaliwa. Macho yangu yalikuwa wazi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unatambaa mezani kuelekea kile kijiti, nami sikuwahi kukishika hata siku moja. Nilikiinua. Nikaitafuta vali, nikaikosa, nikaigusa, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka mpaka Papa lazima alidhani nimejazwa na Roho. Nikafika "utufunike kwa ulinzi wako". Nikabonyeza.

Ililia vibaya mno, fssss ndefu ya kitu kilichojaa. Nikapiga ukelele, taa ikaanguka. Papa akafumbua macho.

Alitazama kijiti mkononi mwangu. Alitazama spana. Kisha akainua uso kwenye tundu la dari na kukaa hivyo. Nilisubiri agonge meza. Ningefurahi angegonga meza. Akakaa juu ya kreti, polepole, kama mtu anayekaa ndani ya maji ya baridi.

"Nilitoa," akasema.

"Ya ile ingine, Papa."

Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akauliza kwa sauti ndogo: "Na ya mbele? Uliniona natengeneza ya mbele?"

"Hapana, Papa. Nilikuwa kwa matanga."

Akainuka, akaenda kwenye mashine, akaukandamiza upande wa kushoto kwa uzito wake wote. Ukashuka, ukarudi taratibu, kama inavyotakiwa. Akakandamiza kulia. Ukaruka juu kama godoro la springi. Akakandamiza tena, ukaruka tena.

"Haina mafuta," akasema. "Nilifunga bila kutia mafuta. Nilitia upepo tu." Na kesho angekuwa juu ya mlima na kitu kile chini yake, mahali pasipo na mtu wa kumwita.

Tuliifungua amotisa hiyo ya kulia, tukaibana kwenye jiliwa. Alichukua kijiti yeye mwenyewe, lakini mkono wake ulitetemeka mpaka ncha ikawa inagonga chuma tik tik tik. Akanigeukia, akaninyooshea kijiti.

"Toa upepo, maman. Mimi nitaomba."

Akafanya ishara ya msalaba. Nilidhani amemaliza, kama kawaida yake, nikaweka kijiti kwenye vali. Lakini aliendelea. Aliyaombea macho yangu, aliiombea mikono yangu. Alimwombea binti yake. Kisha akasema, "Na bibi yangu, ule uko kwako, Bwana, bibi yangu..." akanyamaza.

Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Kila asubuhi alikuwa akiisalimia picha ya mkewe kwenye korido kwa jina lake, kabla ya kunisalimia mimi. Sasa alikuwa analitafuta, macho yamefumbwa, mikono imeshikana, na hofu iliyonipata hapo gesi haikuwahi kunipa.

Nililitaja, kwa sauti ya chini.

"Ndiyo," akasema bila kufumbua macho. "Ule."

Akaendelea kuomba, nami nikabonyeza.