Kitabu Kilichonuka Moshi wa Gorfa

Mwaka wa 1974 nilikuwa na miaka kumi na mbili, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Ukame ulimaliza ng'ombe wa baba huko Kinna, wakabaki wanne tu. Tukahamia ukingoni mwa mji wa Isiolo, na mimi nikatolewa shule darasa la nne ili nibebe maziwa. Nasema mapema ili usikae hapo ukingoja nilie. Silii. Na huruma yako kaa nayo, sina pa kuiweka.

Nilikuwa nimeshasahau mambo haya, au nilijidanganya hivyo, mpaka wiki jana mjukuu wangu alipokuja na karatasi. Mwalimu wao amewaambia wapange vitabu vya hadithi za vijana watakavyosoma likizo ya Desemba. Kumi. Mtoto ameketi kwenye kochi langu, miguu juu, anaguna kama mtu aliyeambiwa achimbe kisima peke yake. "Akko, kumi ni vingi sana," ananiambia mimi bibi yake. Nilipomwangalia nikaona uso wa msichana mwingine kabisa, na damu ikanichemka.

Huyo msichana mwingine alikuwa binti wa mwenye duka. Tulikaa dawati moja mpaka siku niliyotolewa. Siku ile nilienda kuaga nikamkuta mwalimu anaandika ubaoni orodha ya vitabu saba vya likizo. Akageuka, akaniambia mbele ya darasa lote: "Wewe visome hivi. Mwezi wa kwanza uje unisimulie. Ukisimulia vizuri, mimi mwenyewe nitaenda kwa baba yako nikutoe kwa hayo maziwa." Hayo ndiyo maneno yake. Sikuyaota.

Nikanakili orodha kwenye karatasi ya pakiti ya sukari. Nilipanga kama mtu mwenye akili: vile vyembamba wiki ya kwanza, vyenye picha vifuate, na kile kinene nikakiacha mwisho, kama tunavyoacha nyama mpaka ugali uishe. Lakini vitabu vyenyewe sikuwa navyo. Binti wa mwenye duka alikuwa navyo vyote saba, baba yake alimnunulia, vipya, vinanuka gundi. Navyo hakuvitaka.

Kila asubuhi niliingia mjini na gorfa mgongoni. Kama hujui gorfa, ni chombo cha maziwa tunachofuma kwa nyuzi za mizizi mpaka kisivuje hata tone. Bibi yangu alikisafisha kwa moshi, anaingiza vijiti vya moto ndani, anafunika, anatikisa, na maziwa yakimwagwa humo yanakuwa na ladha ambayo mtu wa leo haijui kabisa. Nilinuka moshi huo nywele mpaka vidole. Kwa hiyo yule msichana akanibatiza.

"We Maziwa! Leo umefika wapi?"

"Ametoroka kwao. Amekuwa utingo wa lori."

"Halafu? Sema haraka, nataka kwenda kucheza."

Hayo ndiyo yalikuwa mapatano. Yeye ananiazima, mimi nasoma kwenye baraza la duka lao nikingoja gorfa imwagwe, kisha namsimulia ili naye apate la kusema shule zikifunguliwa. Nilimsimulia cha yule utingo. Nilimsimulia cha mapacha waliomnasa mwizi wa kinu cha posho. Siku moja aliponipigia miayo usoni nikachomeka mbwa ndani ya hadithi, mbwa mwekundu anayepanda lori na yule kijana. Hapo akafungua macho. Mbwa huyo hakuwemo kitabuni.

Kile kinene kilikuwa cha msichana aliyepelekwa kuishi kwa shangazi asiyempenda. Nilitaka kujua kama atarudi kwao. Nilikuwa nimebakiza kurasa sita, wiki ya mwisho ya likizo, nikaomba kwenda nacho nyumbani. "Peleka," binti akasema, "kinanichosha hata kukiangalia." Njiani mvua ikanikuta, ile mvua ya Isiolo inayokosekana miezi kisha inakuja kama imetumwa kukupiga. Hapakuwa na mti wala ukuta. Nikafungua gorfa tupu, nikasukuma kitabu ndani, nikafunika.

Najua nilichofanya. Kwetu chombo cha maziwa hakiingii kitu kingine. Si maji, si sukari, na karatasi hakuna aliyewahi hata kuiwazia. Bibi alifunua kifuniko, akainusa, akakaa chini. Gorfa ile alikuja nayo siku ya harusi yake. Hakunichapa. Alisema tu, "Umewaambia ng'ombe wakauke." Akaifukiza mara tatu, na bado maziwa yakatoka na ladha ya gundi. Mwishowe akaitundika ukutani, haikubeba maziwa tena. Ningependa angenichapa.

Na kitabu kikanuka gorfa. Jalada likashika mafuta, na zile kurasa sita za mwisho zikashikana kwa mabaki ya maziwa. Nikasema si kitu. Saba nimesoma, kasoro kurasa sita, nitasimulia.

Shule zilipofunguliwa nilipeleka maziwa, nikanawa uso bombani, nikaenda. Binti wa mwenye duka alikuwa amesimama mbele anasimulia habari ya utingo, kwa maneno yangu, na mbwa wangu mwekundu ndani. Mwalimu akapiga makofi. "Huyu ndiye amesoma!" akasema. Hapo nikajua mzee mzima yule hakuwahi kufungua hicho kitabu alichokiandika ubaoni.

Nikaingia, nikamsalimu, nikampa kile kinene. Akakileta puani, akakunja uso.

"Hiki ni cha nani?"

"Ni changu, mwalimu," akasema binti. "Sikumpa mimi. Alikichukua dukani kwetu."

Nilimwangalia. Aliangalia viatu vyake.

"Mwalimu, aliniazima. Niulize hadithi. Niulize yoyote, hata hii ya mbwa."

"Mwizi wa vitabu hasomi kwangu. Toka."

Darasa likacheka. Mmoja akaita, "Maziwa imemwagika!" na likacheka zaidi. Baba alimpelekea mwenye duka mbuzi jike, mwenye mimba, ili maneno yaishe. Yule mtu akampokea mbuzi na kunitupia kitabu, eti kinanuka, hakifai. Sikurudi shule tena. Nilibeba maziwa ya kwetu, kisha ya majirani, na kufika miaka ya themanini nilikuwa naletewa maziwa ya ngamia kutoka mbali, hadi Kipsing. Mtu hakunisaidia.

Mwalimu yule alishakufa, na watu walimlia sana. Mimi sikwenda. Duka lile limekuwa la simu. Gorfa zenyewe siku hizi utaziona harusini, zimepambwa, ndani ni tupu. Maziwa yanaingia mjini kwa mitungi ya plastiki ya manjano, yana ladha ya plastiki, na wanunuzi hawajui hata kulalamika.

Mjukuu nimemnunulia vitabu vyote kumi. Nimemwambia kila Ijumaa ataketi mbele yangu anisimulie kimoja, na mimi nitakuwa nimetangulia kukisoma, polepole na miwani yangu. Akichomeka mbwa, nitajua. Aliuliza kwa nini nina hasira. Nikamwambia ashushe miguu kwenye kochi.

Leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vitano. Nina plot mbili, moja imezungushiwa ukuta. Nina friji tatu za maziwa na pikapu moja. Nina ngamia ishirini na sita huko Ngaremara. Nina gorfa moja ya bibi yangu, imetundikwa sebuleni, tupu. Nina kitabu kimoja kinene nilicholipiwa mbuzi. Kurasa sita za mwisho bado zimeshikana. Siku hizi wapo watu wanaoweza kuzitenganisha kwa mvuke, binti yangu ameniambia. Nimemkataza.